Hita ya gesi bafuni: mama mkwe kaishiwa nguvu, fundi anasema ni mvuke tu

Mama Shani:
Wajuzi wa gesi naombeni msaada. Niko Lushoto, na baridi ya huku mwezi wa saba mnaijua. Tumefunga hita ya gesi bafuni, ile ndogo ya lita 6 kwa dakika inayowaka kwa betri mbili za redio. Mtungi wa kilo 15 uko nje. Bafu ni mita moja na nusu kwa mbili, dari mita 2.4, dirisha dogo la luva. Bomba la moshi fundi kalipitisha ukutani, limelala, linatokea nje chini kidogo ya dirisha hilohilo.

Juzi mama mkwe kaja kutoka Tanga mjini. Baridi hajaizoea, akaziba luva kwa taulo akaoga taratibu. Alipotoka tu mlangoni miguu ikamwisha nguvu, akakaa chini koridoni, kichwa kinamgonga, anataka kutapika. Tukamtoa barazani, baada ya nusu saa akawa nafuu. Nilidhani presha. Halafu nikakumbuka hata mimi nikioga wa mwisho kichwa huniuma. Nimempigia fundi, anasema ni mvuke wa maji moto, eti gesi ingevuja tungesikia harufu. Kuna ukweli hapo?

Kijana wa Soni:
Mimi ninayo kama hiyo mwaka wa pili na shida sijaona. Huyo mama labda alioga hajala.

Fundi Bomba:
Dada, pole kwa mama. Zima hiyo hita, funga na mtungi, ndipo uendelee kusoma.

Harufu anayoisema fundi wako hutiwa kwenye gesi mbichi ili ikivuja mtu ashtuke. Kilichomwangusha mama kinatoka kwenye gesi iliyoungua vibaya: kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Tupige hesabu ya bafu lako. Lina hewa mita za ujazo 7.2. Hita ya ukubwa huo ikifunguliwa yote inakula gesi kama gramu 900 kwa saa, na kila kilo inataka hewa mita za ujazo 12 hadi 13 iungue sawasawa. Kwa hiyo dakika kumi tu za kuoga, hita imeshamaliza oksijeni ya robo ya hewa yote iliyokuwemo humo, na mama anavuta hiyohiyo. Moto ukikosa hewa hauzimiki palepale. Unaendelea kuwaka, ila sasa unatoa sumu. Wewe unayeoga wa mwisho unakuta makombo ya wote waliotangulia.

Bomba nalo halifanyi kazi. Hita isiyo na feni inategemea moshi upande wenyewe kwa joto lake, kwa hiyo bomba lisimame wima walau sentimita 60 kabla ya kona ya kwanza, kisha liendelee kupanda mpaka juu ya paa. La kwako limelala. Upepo ukipiga ukuta unausukuma moshi urudi ndani, na ule unaofanikiwa kutoka unaingia tena dirishani. Mtungi kuuweka nje, hapo kapatia.

Mimi ni mtu wa Pongwe, ila kazi ya gesi naifanya Leicester, Uingereza. Huku kanuni za usalama wa gesi za 1998 zinakataza kufunga bafuni chombo kinachovuta hewa ya chumbani. Kinachoruhusiwa ni kile kilichozibwa kabisa, chenye bomba ndani ya bomba: la ndani linatoa moshi, la nje linavuta hewa safi. Boila za zamani za sebuleni, yaani mitambo ya gesi ya kuchemshia maji ya nyumba, lazima ziwe na tundu la hewa la kudumu ukutani, na nimeshakuta bibi wa watu kalijaza magazeti kwa kukimbia baridi. Yeye magazeti, mama mkwe wako taulo.

Mama Shani:
Asante kaka, nimezima. Nikitoboa tundu la hewa na kusimamisha bomba, inaweza kubaki humo bafuni?

Fundi Bomba:
Hapana dada. Tundu litazibwa tena wiki ya kwanza ya baridi. Ihamishie nje, ukuta wa nyuma, chini ya kibanda cha bati kilicho wazi pembeni, mbali na madirisha yote. Bafuni yaingie maji tu.

Na wewe wa Soni, leo usiku washa hita, funga mlango na dirisha, kaa nje dakika tano. Kisha ingia umebana pumzi, shika kijiti cha udi kinachofuka pale juu ya hita, moshi unapoingilia bombani. Moshi wa udi ukivutwa ndani, sawa. Ukikurudia, toka. Angalia na moto wenyewe: uwe wa buluu, usiwe wa njano wenye masizi.

Nesi Tabu:
Mama apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu, na mtaje hita kabla hamjaulizwa. Kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kinaweza kusoma asilimia 98 na mgonjwa ana sumu hiyo, maana hakijui kuitofautisha na oksijeni. Kama kuna mjamzito aliyekuwa anaoga humo, naye aende.

Kijana wa Soni:
Nimefanya ya udi. Umenirudia usoni. Nimelaza watoto bila kuoga.

Mama Shani:
Mrejesho: mama kapimwa, yuko salama. Hita ipo nje tangu Jumamosi, fundi mwingine kaifunga, maji yanachelewa kidogo kufika moto lakini kichwa hakinigongi tena. Mama mkwe haitaki kabisa. Kila jioni anachemsha sufuria lake jikoni, na anaoga mlango ukiwa wazi nusu, mimi nikilinda koridoni.