Kabla hamjaleta gofu ya umma Dodoma, tuambieni fedha za viwanja vya mitaa zinaishia wapi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiye na subira apite tu.

Kuna hoja inarudi kila mara hapa mjini, kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye magrupu ya WhatsApp: makao makuu ya nchi hayana uwanja wa gofu. Mabalozi watacheza wapi? Wageni wa mikutano wakishashuka kwenye SGR jioni watapumzikia wapi? Dar kuna Gymkhana na Lugalo, Arusha wanao, Moshi wanao, Morogoro wanao, hata Mufindi kwenye mashamba ya chai wanao. Sisi tuna vumbi. Na kwa kuwa hivyo vyote ni vya klabu, vya jeshi au vya makampuni, wenzetu wenye nia njema wanaongeza kwamba cha kwetu kiwe mali ya jiji, mtoto wa Chang'ombe na mtoto wa balozi wapige mpira kwenye nyasi zilezile.

Sina ugomvi na gofu. Mchezo ni mchezo. Ila viwanja vya umma tunavyo tayari, vya mpira, vya netiboli, vya watu kukimbia asubuhi, navyo vinakufa tukiviona, tena vinakufa huku vinaingiza fedha. Nataka mtu anieleze fedha hizo zinakwenda wapi kabla hajanifungulia mchoro wa uwanja wa gofu wa mashimo 18.

Mimi nafundisha timu ya watoto kwenye uwanja mmoja wa mtaa upande wa mashariki ya mji. Sitautaja, maana watoto bado wanacheza pale na sitaki wafukuzwe kwa sababu yangu. Anayeishi Dodoma anaujua uwanja wa namna hiyo. Nyasi hakuna. Mvua zikikatika mbigiri zinatawala, mpira mpya unatoboka kabla haujachakaa. Upande mmoja maji ya mvua yamechimba korongo, na kila masika linasogea karibu na mstari wa kona. Magoli ni mabomba yaliyoliwa na kutu. Choo hakuna kabisa, na mabinti wa netiboli huomba kujisaidia kwa mama lishe wa jirani, ambaye naye ana haki ya kuchoka.

Sasa hesabuni pamoja nami kinachoingia kwenye uwanja huohuo. Bonanza za makampuni. Mikutano ya injili ya wiki nzima. Bembea za sikukuu. Wauza magari wanaopanga mitumba yao pale mwisho wa mwezi. Matamasha. Mabango ya matangazo yaliyosimikwa pembeni ya barabara, ambayo hayalali, yanalipiwa mwaka hadi mwaka. Wote hao wanalipa, na wanapewa risiti. Silalamiki kwamba wanalipa. Uwanja wa umma kukodishwa ni jambo la kawaida na ni vizuri.

Ninalolalamikia ni hili. Baada ya tamasha moja, malori ya jukwaa yaliacha mifereji ya magurudumu katikati ya uwanja. Walikuwa wamemwaga kokoto ili magari yasikwame, wakaondoka wakaziacha. Mashimo ya vigingi vya mahema hayakufukiwa. Vioo vya chupa vilitapakaa kila mahali. Wazazi na watoto tuliokota kwa mikono, na bado mtoto mmoja wa timu yangu akakatwa unyayo, akashonwa nyuzi. Nikaenda kwa wasimamizi kuomba greda lipite mara moja tu na kifusi kidogo kimwagwe. Nikajibiwa kwamba ukarabati wa uwanja haumo kwenye bajeti ya mwaka huu, tusubiri. Tukasubiri. Aliyekuja alikuwa kijana mwenye mashine ya kukusanyia ushuru, ametumwa kutuambia kwamba timu za watoto nazo sasa zitalipia kila mechi ya mwisho wa wiki.

"Kocha, bila kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali, hamchezi."

Kijana wa watu hana kosa, ametumwa. Lakini wenye kutuma wajue kwamba siku ile watoto wenye umri wa miaka 10 walikaa pembeni ya uwanja wa mtaa wao wamevaa jezi, wakiangalia kokoto za tamasha la watu wengine.

Afisa mmoja mstaarabu, ambaye namshukuru kwa uungwana wake, ndiye aliyenielewesha mambo yanavyokwenda. Fedha ya uwanja ikishalipwa inaingia kwenye kapu moja la makusanyo pamoja na ushuru wa masoko, leseni za biashara, vibali vya ujenzi na ada za stendi. Ikiingia mle inapotea jina. Hakuna anayeweza kukwambia uwanja fulani uliingiza kiasi gani mwaka jana na ulitumia kiasi gani, kwa sababu hakuna aliyewahi kutakiwa kuandika hivyo. Bajeti ikija, uwanja unapanga foleni moja na zahanati isiyo na dawa na darasa lisilo na madawati, na kwa haki kabisa unashindwa kila mwaka. Sijasema kuna mwizi, wakuu. Nasema kwa utaratibu huu hahitajiki mwizi ili uwanja ufe.

Hapo ndipo wapenda gofu wanaponishangaza. Wanatutajia viwanja vya umma vya wenzetu, lakini kinachowavutia ni picha za nyasi. Wangesoma namna vinavyoendeshwa.

Van Cortlandt, kule Bronx, New York, ndio uwanja wa gofu wa umma wa kwanza Marekani, ulifunguliwa 1895 na hadi leo ni mali ya jiji. Miji mingi ya Marekani yenye viwanja vya namna hii huvitengea mfuko wake wa pekee. Kiingilio cha mchezaji, kodi ya mgahawa na ada ya vigari vya umeme vyote vinaingia kwenye mfuko huo, na humohumo ndimo yanamotoka mishahara ya wakata nyasi, bili ya maji na matengenezo ya mashine. Mwisho wa mwaka diwani na mwananchi wanaona mstari mmoja tu, umeingiza hiki, umetumia hiki, umebaki na hiki. Na mara nyingi hakuna kilichobaki! Wachezaji walipopungua miaka ya 2000, mifuko mingi ya gofu ya miji ile ilipata hasara na madiwani wakagombana hadharani iwapo kodi za watu wasiocheza gofu ziuokoe mchezo wa wanaocheza, au viwanja wapewe wakandarasi waviendeshe, au vingine vifungwe vigeuzwe bustani. Wachezaji walirudi kwa wingi baada ya 2020, kipindi cha korona. Mimi ugomvi wao ule nauonea wivu. Walikuwa wanagombania tarakimu zilizo mezani. Sisi hatuna hata tarakimu ya kugombania.

Au nendeni St Andrews, Scotland, mahali wapenda gofu wanapopataja kwa heshima ya pekee. Ardhi ile ni ya umma. Inaendeshwa na bodi ya wadhamini iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya 1974, haina wanahisa, na ziada inayopatikana hurudishwa kwenye viwanja. Jumapili, ukiacha mashindano makubwa, Old Course, uwanja wao mkongwe, hauchezwi gofu: wakazi wanatembea juu yake na watoto wao na mbwa wao. San Francisco uwanja wa Harding Park umechezewa mashindano makubwa ya PGA mwaka 2020, lakini ni wa jiji, na mkazi wa mji analipa kidogo kuliko mgeni. Huku kwetu mtoto wa mtaa na kampuni ya matangazo wote wanaonekana wateja tu mbele ya mashine.

Na maji? Hili nalipitia haraka kwa kuwa wenyewe mnalijua. Uwanja wa mashimo 18 unahitaji hekta 50 na zaidi, eneo la kutosha viwanja 70 hivi vya mpira wa miguu vya mita 105 kwa 68. Kwenye nchi kame unaweza kunywa zaidi ya lita milioni 1 kwa siku moja ya kiangazi. Dodoma tunapata mvua ya milimita 600 au pungufu kwa mwaka, na kuanzia Mei hadi Novemba mbingu ni kavu. Atakayetaka kumwagilia nyasi kwa maji ya visima vya Mzakwe wakati kuna kaya zinanunua ndoo kwa mwenye mkokoteni, aje kwenye mkutano wa mtaa aliseme hilo mbele ya akina mama. Kama ni maji taka yaliyosafishwa, sawa, hiyo ni njia inayotumika sehemu nyingi kame duniani. Ila bomba lake na mtambo wake navyo vina gharama, na gharama hiyo tunataka kuiona kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mji huu haukuzaliwa bila mpango. Serikali ilipoamua 1973 kuhamishia makao makuu hapa, mpango wa 1976 uliochorwa na wataalamu wa Canada uliweka maeneo ya wazi ndani ya makazi kwa makusudi, mji wa watu kutembea kwa miguu, mtoto asivuke barabara kubwa kwenda kucheza. Wazee wa Area C na Kikuyu wanaoijua CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ujenzi wa makao makuu, wana malalamiko yao mengi juu ya viwanja vya makazi, na siyapuuzi. CDA ikavunjwa 2017, mwaka uliofuata tukatangazwa jiji. Sensa ya 2022 imetukuta watu 765,179. Nyumba zinaongezeka Nzuguni, Ihumwa, Mtumba, Miyuji, kila upande. Maeneo ya wazi hayaongezeki. Yaliyochorwa tangu enzi hizo ndiyo tunayoyagawana, na kila lisilotunzwa linaonekana pori, na likionekana pori kuna mtu atakuja na wazo la fremu za maduka.

Msije mkanijibu kwamba haiwezekani kutenga fedha. Inawezekana, na mnafanya. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa 2023, ukatengenezwa, ukarudi. Una matatizo yake, lakini angalau kila mtu anajua upo, na diwani anaweza kuulizwa fedha ziko wapi. Basi na viwanja vipewe hivyohivyo. Sehemu ya kinachoingizwa na uwanja, iandikwe ni asilimia ngapi, irudi kwenye uwanja huo. Si kwenye "michezo" kwa ujumla, maana huko itaishia kwenye fulana na posho za siku ya uzinduzi. Irudi kwenye choo, kifusi, magoli na mlinzi.

Anayekodi kwa tamasha aweke dhamana, asirudishiwe hadi kokoto zake ziondoke. Timu za watoto wa mtaa zisilipe kitu. Na kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata ibandikwe karatasi moja: uwanja umeingiza nini miezi hii mitatu, umetumia nini. Karatasi moja tu, wala haihitaji mfadhili!

Najua kuna watakaosema nayachukia maendeleo, mara natumika kisiasa. Uwanja wa Jamhuri sijaugusa, ule ni wa chama cha CCM na una wenyewe. Viwanja vikubwa vya mashindano navyo sijavigusa, vijengwe, tutaenda kushangilia. Wengine watasema leteni mwekezaji, atasimamia vizuri kuliko serikali. Inawezekana. New York nayo hukodisha viwanja vyake vya gofu kwa waendeshaji binafsi, wao wanalipa jiji na jiji linabaki mwenye mali. Lakini utamkabidhi vipi mwekezaji kitu ambacho hujui kinaingiza nini? Atakutajia bei yeye, utasaini, na miaka mingi mbele watoto wa mtaa watakuta geti.

Kwa hiyo wapenda gofu, karibuni tushirikiane. Nyinyi mnafahamiana na wakubwa kuliko sisi wa mchangani. Tusaidieni kupata utaratibu huu kwanza kwenye viwanja vya vumbi. Ukifanya kazi hapa kwa miaka mitatu, tukaona choo kimejengwa kwa fedha ya bonanza na magoli yamebadilishwa kwa fedha ya mabango, mimi mwenyewe nitakuja kusaini ombi la gofu ya jiji. Kabla ya hapo nitapinga kila mita ya eneo la wazi itakayotajwa.

Ombi langu kwenu mnaosoma: kama umewahi kulipia uwanja wowote wa umma Dodoma, iwe harusi, mkutano, ligi ya mtaa au bango, weka hapa jina la kata, ulilipia nini, mwezi gani, na uwanja ulifanyiwa nini baada ya hapo. Ficha jina lako na namba ya risiti. Nakusanya yote niyapeleke kwa diwani wetu, na wa kata nyingine wafanye vivyo hivyo kwa madiwani wao, kabla vikao vya bajeti ya mwaka ujao havijaanza. Mwenye ujuzi wa uhasibu aliye tayari kutusaidia kupanga hizo hesabu anitumie ujumbe leo.