Ulinganisho: njia ipi inafaa kukagua toleo jipya na kumhimiza mtumiaji kusasisha programu ya simu?

Mrina-Asali (Tabora)

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninatunza programu ya Android inayotumiwa na makarani wanaonunua asali vijijini, upande wa Sikonge na Uyui. Karani hupima ndoo, huandika kilo na jina la mfugaji nyuki, na kumbukumbu hizo hubaki ndani ya simu mpaka afike mahali penye mtandao, aghalabu jioni. Msimu uliopita tulibadilisha namna ya kutoa uzito wa ndoo tupu, tukapandisha toleo jipya Play Store, tukadhani kazi imekwisha. Wiki kadhaa baadaye seva ilikuwa bado inapokea hesabu za mtindo wa zamani, kwa kuwa makarani wengi wamezima usasishaji wa kujiendesha ili bando lisiliwe, na ndani ya programu yenyewe hapakuwa na neno lolote la kuwaambia kwamba kuna jipya.

Sasa ninapima njia tatu. Ya kwanza ni huduma ya Google Play yenyewe ya kusasisha bila kutoka ndani ya programu. Ya pili ni kuiuliza seva yetu kila programu inapofunguliwa. Ya tatu ni Firebase Remote Config, huduma ya Google ya kubadilisha mipangilio ya programu ukiwa mbali. Naomba walioonja watueleze, na hasa njia hizo hufanyaje kazi pale mtandao unapokuwa wa kubahatisha.

Kipe wa Kibirizi (Kigoma)

Mkuu, nimetumia ya kwanza kwenye programu ya wachuuzi wa dagaa hapa mwaloni, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu kidogo.

Huduma hiyo inafanya kazi kuanzia Android 5.0, na ina mitindo miwili. Mmoja ni wa hiari: mtumiaji huulizwa, akikubali faili hupakuliwa kimyakimya huku yeye akiendelea na kazi, na upakuaji ukimalizika ni wajibu wako wewe mtengenezaji kumwonyesha ujumbe wa kuiwasha programu upya. Wengi husahau hatua hii, na matokeo yake toleo jipya hukaa kwenye simu bila kuwekwa, kama mzigo ulioshushwa bandarini ukakosa mwenyewe. Mtindo wa pili ni wa papo hapo: Google Play hufunika kioo kizima, hupakua, huweka, kisha huwasha programu upya. Watu huudhani kuwa ni wa lazima, lakini mtumiaji anaweza kubonyeza kitufe cha kurudi na programu yako ikapewa jibu kwamba amekataa. La kufanya baada ya hapo unaliamua wewe. Vilevile akiondoka katikati ya upakuaji, programu inapofunguliwa tena yakupasa ukague kama kuna sasisho lililoanzishwa likakwama, na uliendeleze.

Kinachonipendeza ni vipimo viwili inavyokupa. Kimoja ni idadi ya siku tangu Play Store ya simu hiyo ijue kuwa kuna toleo jipya, kwa hiyo unaweza kunyamaza siku za mwanzo, ukakumbusha baadaye, kisha ukakaza sauti. Kingine ni umuhimu wa toleo, kuanzia 0 hadi 5, ambao huwekwa wakati wa kulitoa kupitia API ya Google Play kwa watengenezaji, yaani mlango wa kuipa Google Play maagizo kwa msimbo. Usipoweka kitu huhesabiwa 0, na ukishalisambaza toleo huwezi kuubadilisha. Hilo la mwisho liliniponza, kwani nilitambua ukubwa wa kosa siku mbili baada ya kutoa, na ilinibidi nitoe toleo jingine.

Bi Mawese (Kasulu)

Kaka Kipe amesema vizuri, lakini ameongea kama vile kila mtu amechukua programu Play Store. Mimi ninafundisha watumiaji wa programu ya ghala huku Kasulu, na ninaowaona hurushiana programu kwa Xender au kwa WhatsApp, kwa sababu mmoja akishalipia MB wengine hawaoni haja ya kulipia tena. Simu ya namna hiyo, ambayo akaunti yake ya Google haijawahi kuichukua programu dukani, usitegemee ipate mwaliko wa Google Play.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Kila faili la programu hutiwa saini ya kidijitali ya mtengenezaji; kama lililosambazwa mkononi lilitiwa saini kwa ufunguo tofauti na ule unaotumiwa na Google Play, simu itakataa kuweka toleo jipya juu ya la zamani. Mtumiaji ataambiwa na jirani yake aifute kwanza ndipo aiweke upya, naye ataifuta, na kumbukumbu zote ambazo hazijatumwa zitakwenda nayo. Ndugu Mrina-Asali, kwa makarani wako hizo ni kilo za watu. Kabla ya kuchagua njia, hesabu kwanza ni simu ngapi zilipata programu kwa mkono.

Mrina-Asali

Ahsante, dada. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo, na ninajua yapo mafaili niliyowatumia mwenyewe kwa WhatsApp mwanzoni mwa mradi.

Njia Panda ya Reli (Tabora)

Mwangaluka. Mimi ni wa njia ya pili, na nitaitetea, ila nianze kwa kusema kwamba humu ndani tunachanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni kama kuna toleo jipya. Swali la pili ni kama toleo alilonalo mtumiaji bado linakubalika. Google Play hujibu la kwanza vizuri sana. La pili hailijui, kwani ni wewe tu unayejua kuwa hesabu ya ndoo tupu imebadilika.

Kwa hiyo seva yangu hutoa faili dogo la JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome) lenye namba mbili: toleo la karibuni, na toleo la chini linalokubalika. Programu ikiwa chini ya ile ya kwanza huonyesha ukanda mdogo juu ya kioo unaoweza kufungwa. Ikiwa chini ya ile ya pili, hukataa kutuma. Juu ya hayo, kila ombi la programu hubeba namba yake ya toleo, na seva ikiona ni la zamani mno hujibu kwa msimbo wa HTTP 426, yaani namba ya jibu la seva ambayo asili yake ni kumtaka anayeomba ahamie itifaki nyingine ya mawasiliano, nami nimeiazima kwa maana ya kwamba programu inapaswa kusasishwa. Ninasisitiza ulinzi wa upande wa seva kwa sababu ukaguzi ulio ndani ya simu peke yake hurukwa kwa urahisi: mtandao ukikatika wakati wa kuuliza, programu huendelea kana kwamba hakuna kitu.

Tahadhari moja ya kitoto ambayo hata hivyo imewaangusha watu wazima: linganisha namba nzima za ndani za toleo, usilinganishe maandishi yanayoonekana kwa mtumiaji. Ukilinganisha kama maandishi, 1.10 itaonekana ndogo kuliko 1.9, na utawahimiza watu kusasisha toleo walilokwisha kulipata.

Mwembe wa Ujiji (Kigoma)

Naongeza mitego miwili kwenye njia ya mkuu Njia Panda.

Mtego wa kwanza ni usambazaji wa hatua kwa hatua. Ukilitoa toleo Google Play kwa asilimia 20 ya watumiaji, halafu siku hiyohiyo ukapandisha toleo la chini kwenye seva yako, wale wengine wataambiwa wasasishe, watakwenda Play Store, na hawatakuta kitu cha kusasisha. Umewafungia mlango na ufunguo hujawapa. Subiri usambazaji ufike asilimia 100 kwanza. Mtego wa pili ni simu kuukuu: kama toleo jipya linadai Android ya juu kuliko la zamani, kuna simu ambazo hazitalipata kamwe, na ujumbe wa lazima kwa wenye simu hizo ni sawa na kuwafukuza.

Kwa wenye iPhone, mambo ni tofauti. Apple haina huduma kama hiyo ya Google, kwa hiyo wengi huuliza anwani ya utafutaji ya iTunes kwa kutumia kitambulisho cha programu, na jibu lake huwa na namba ya toleo lililopo dukani. Weka na nchi, yaani tz, la sivyo unaweza kujibiwa kwa habari za duka la Marekani. Jibu hilo huweza kuchelewa baada ya toleo kutoka. Isitoshe, usambazaji wa awamu wa App Store huchukua siku 7, kuanzia asilimia 1, kisha 2, 5, 10, 20, 50 na 100, lakini awamu hizo huhusu wanaosasishiwa kiotomatiki tu; anayekwenda dukani mwenyewe hulipata siku ya kwanza. Maana yake, ukiwahimiza watu wote mapema, awamu zako umezivunja kwa mkono wako.

Kipe wa Kibirizi

Remote Config hatujaigusa. Kwa kifupi: ni ile njia ya pili bila kutunza seva ya ukaguzi. Thamani ilizopata mwisho huzihifadhi ndani ya simu, jambo linalofaa sana pasipo na mtandao. Ila kwa kawaida haiendi kuuliza upya mpaka zipite saa 12, kwa hiyo usiitegemee kwa dharura ya asubuhi moja, labda ubadilishe muda huo.

Bi Mawese

Na maneno ya ujumbe wenyewe je? Nimeona programu zikiandika tu kwamba toleo jipya linapatikana, basi. Mtumiaji wa kijijini anataka kujua mambo mawili, nayo ni MB ngapi zitatumika, na je, kumbukumbu zake zitabaki. Tulipoandika wazi kwamba rekodi zake hazitapotea, maswali kwa simu yalipungua. Tena tusimwulize asubuhi anapoanza kupima huku watu wamepanga foleni.

Mrina-Asali

Nimewasoma wote, na nitafanya hivi, mnikosoe.

Nitatumia njia ya pili kwa kuamua nani anakubalika, na mtindo wa hiari wa Google Play kwa kupakua, ili karani asitoke nje ya programu. Wa papo hapo sitautumia kabisa. Karani aliye chini ya toleo linalokubalika ataendelea kupima na kuandika bila kuzuiwa. Kitakachofungwa ni kitufe cha kutuma, ambacho hata hivyo hukibonyeza jioni, palepale penye mtandao wa kupakulia. Kila rekodi itabeba namba ya toleo lililoiandika, ili zile za hesabu ya zamani seva izitambue na kuzisahihisha.

Waliopata faili kwa mkono nitawashughulikia kabla ya yote. Nitawapa toleo moja la mpito, lililotiwa saini kwa ufunguo uleule wa zamani, ambalo litakataa kuonyesha maelekezo ya kuhamia Play Store mpaka rekodi zote ziwe zimetumwa.

Njia Panda ya Reli

Mpango mzuri. Lakini makarani waliobaki na toleo la msimu uliopita hawana ukaguzi wowote ndani yake, kwa hiyo hawatauona ukanda wala kitufe kilichofungwa. Hao utawafikiaje?

Mrina-Asali

Hao watakutana na kosa la kutuma tu, lisilo na maelezo. Nimeshapata orodha yao kutoka kwenye seva. Nitawapigia mmoja mmoja kabla sijapandisha namba, na wa Sikonge nitawafuata wenyewe siku ya mnada.