Bakora ya bibi ni ndefu, halafu inatoa unga

Dogo_Tabata: Habari zenu wakuu. Bakora ya bibi, iliyouzwa Mwenge kama mpingo, imezidi urefu. Akitembea bega linapanda. Nikate kiasi gani? Pia ina vitundu karibu na kishikio, unaanguka unga laini kama sembe. Leo kuna mdudu kaganda juu yake, mrefu, mwembamba, kijiti kabisa. Ndiye anayeila?

FundiVinyago: Usikate kwa kukisia. Bibi avae viatu anavyotembelea, asimame wima, mikono ining'inie. Vua mpira wa chini, geuza bakora kishikio kiguse sakafu, weka alama kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Kisha kwenye urefu huo toa tena unene wa kitako cha mpira. Tumia msumeno wa chuma, zungushia selotepu pa kukatia ili isibanduke vibanzi.

Wengi wanakosea hapa: bakora huchongwa ikinywea kwenda chini. Ukikata, ncha inakuwa nene na mpira wa zamani hauingii. Usiichonge iingie, unaidhoofisha. Pima kipenyo kipya ununue mpira wake.

Kipande ulichokata kitumbukize kwenye ndoo ya maji. Mpingo huzama. Kikielea, umeuziwa mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu, na hapo vitundu havishangazi, maana wadudu watoboaji hupenda mbao nyeupe, si kiini cheusi.

Majani_Mabichi: Mdudu kijiti hana hatia! Anakula majani, tena usiku. Mchana anaganda ili ndege wasimwone. Mrudishe mtini, ila usimvute mguu, huwa unakatika. Unga ni wa mabuu wanaokula ndani ya mbao. Vitundu ni milango ya wakubwa waliokwishatoka.

Viungo_Mazoezi: Urefu ukiwa sawa, kiwiko kinakunjika kidogo, nyuzi 15 hadi 20. Aishike mkono ulio kinyume na mguu unaouma. Ngazi: kupanda mguu mzima utangulie, kushuka bakora na mguu mbovu.

Dogo_Tabata: Kipande kimeelea 😂 Nipake dawa ya mbao tu?

FundiVinyago: Bonyeza msumari penye vitundu. Ukizama, hiyo bakora ni kuni. Hata usipozama, vitundu viko karibu na kishikio, ndipo uzito wote unapokaa. Mtafutie nyingine, mkuu.