Dhahabu ya Simbu ilikaa midomoni siku moja tu. Kwa nini?

Mkeshaji
Wakuu, hili limenikaa rohoni tangu Septemba 2025. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15 nilitega alamu, maana marathoni ya Tokyo ilianza saa saba na nusu usiku kwa saa zetu. Nilikuwa peke yangu sebuleni, sauti nimeiminya watoto wasiamke. Saa tisa na ushei wakaingia uwanjani, Mjerumani Amanal Petros yuko mbele, Alphonce Simbu anamfuata. Hatua za mwisho kabisa Simbu akamfikia, Petros akajirusha mpaka akaanguka kwenye mstari. Wote 2:09:48, ikabidi picha ndiyo iamue. Tofauti sekunde 0.03! Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Nilipiga ukelele nyumba nzima ikaamka.

Asubuhi nafika kijiwe cha kahawa, mada ni moja tu: kesho yake Ngao ya Jamii, Simba na Yanga. Nikawaambia jamani, Simbu kachukua dhahabu ya dunia. Mmoja akaniuliza, "Simbu anacheza namba ngapi?" Na hakuwa anatania.

Naomba tujadili kwa utulivu. Kwa nini mchezo mmoja tunaufia, na mwingine hata bingwa wake hatumjui?

Jangwani Daima
Mkuu, mbona jibu ni jepesi? Marathoni ni zaidi ya saa mbili watu wanakimbia tu. Hakuna kona, hakuna penalti, hakuna refa wa kumlaumu. Halafu tuambiane ukweli, mbio ni za watu wa porini waliokulia kufukuza ng'ombe. Sisi wa mjini tumekulia mpira. Na hiyo Ngao sisi Yanga tuliibeba, 1-0, bao la Pacome. Hiyo naikumbuka bila alamu.

Mnyama Mkali
Kabao kamoja mnakaimba mpaka leo. Fainali ya Shirikisho Afrika 2023 mlikwenda Algiers mkamfunga USM Alger kwao, na kombe likabaki kwao. Hapa kwa Mkapa mlikuwa mmeshapigwa 2-1.

Jangwani Daima
Na nyinyi Simba 1993 na Stella Abidjan? Na 2025 na Berkane? Fainali mbili, mikono mitupu mara mbili.

Mkeshaji
Mnaona sasa? Nimeuliza habari za Simbu, hata robo saa haijaisha tuko Algiers.

Binti wa Mbulu
Jangwani Daima, rudi hapo juu. "Watu wa porini waliokulia kufukuza ng'ombe." Unamsema nani? John Stephen Akhwari ni wa kwetu Mbulu. Mexico 1968 alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, giza limeshaingia, watu wengi wameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Dunia nzima inamtaja mpaka leo. Wewe uliyekaa kibanda umiza na karanga zako unamwita mtu wa porini?

Jangwani Daima
Dada, nimetania tu. Sisi Watanzania tuna utani.

Binti wa Mbulu
Utani una wenyewe. Mtani wangu namjua, na anajua mipaka. Wewe si mtani wangu.

Mla Kachori
Dada punguza hasira, ila kuna ukweli kidogo. Wakimbiaji wote wanatoka kule kwenu Manyara na Arusha. Sisi wa Pwani tutashangilia nini? Mtu hushangilia cha kwao. Hata Filbert Bayi aliyetuletea dhahabu ya Moscow ni wa huko huko.

Mzee wa Redio
Vijana, msikurupuke. Moscow 1980 Bayi alipata fedha, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza sehemu kubwa ya mbio, Mpolandi Malinowski akamkamata mwishoni. Suleiman Nyambui naye fedha, mita 5,000, nyuma ya Yifter wa Ethiopia. Medali zetu za Olimpiki ni hizo mbili tu mpaka leo. Na Nyambui ni mtu wa Musoma, pwani ya ziwa, wavuvi! Ikangaa aliyeshinda marathoni ya New York 1989 ni wa Dodoma. Simbu ni wa Singida. Manyara na Arusha peke yake imetoka wapi?

Na mnaosema Watanzania hawapendi mbio, hamkuwepo 1974. Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, 3:32.2, mbele kuanzia mlio wa bastola mpaka mwisho, huku John Walker anamfukuzia, tuliipata kwa redio tukiwa tumeizunguka kama moto. Wiki ile kila mtoto wa mtaani kwetu Ilala alikuwa Bayi. Tulikuwa tukitumwa dukani tunakimbia kweli kweli, na mwenzako akikupita anakwambia "wewe Walker". Kwa hiyo kupenda tulipenda. Muulizane tulipoteza wapi.

Mla Kachori
Mzee nakubali kuhusu Moscow, nilichanganya. Ila hilo la Walker umelitaja mwenyewe: Bayi alikuwa na mtu wa kumpita! Simbu anamfunga nani hapa kwetu? Yanga akishinda, kesho yake nina jirani wa kumnyima usingizi. Simbu akishinda nimcheke nani, Mjerumani? Simjui, na yeye hanijui.

Mkeshaji
Hapo kidogo umenisogeza. Endelea.

Mla Kachori
Sina cha kuendelea, ni hicho tu. Labda na mkeka. Sijawahi kuona mtu mtaani kwetu kaweka marathoni kwenye mkeka wake.

Jirani wa Iten
Salamu kutoka Kenya. Hapa Iten mkimbiaji si mtu wa kwenye runinga. Unaamka saa kumi na mbili kwenda kukama, unakutana nao barabarani, kundi la watu thelathini, mvuke unatoka mdomoni, na mmoja wao ulikaa naye dawati moja. Akishinda mbio Ulaya anarudi kununua shamba linalopakana na la baba yako. Utakosaje kumfuata? Lakini nisiwadanganye: Jumamosi jioni hata huku watu wamejaa kwenye mechi za Arsenal, na huyo Arsenal hajanunua shamba la mtu.

Mnyama Mkali
Mkenya naye kaja kutufundisha. Mpira wenu wenyewe mmeuacha mkahamia Uingereza.

Mama Wawili
Mwacheni jirani, kasema la maana kuliko wengi humu. Mimi niwaambie nilichokiona mwenyewe. Shule ya msingi nilikuwa nachelewa namba kwa sababu nilikuwa napitia kisimani kwanza. Adhabu ilikuwa kuzunguka uwanja mara kumi, pekupeku, huku wenzangu wanaimba mstarini. Mpira wa miguu ulikuwa wakati wa mapumziko, mpira wa pete jioni. Mimi nilivaa GS, mfungaji, mpaka darasa la saba na mpaka leo nikiona goli la pete mikono inawasha. Kukimbia nakuchukia kwa sababu nilikujua kwanza kama fimbo. Tumefundishwa hivyo sote, halafu tunashangaa hatupendi riadha?

Mzee wa Redio
Mama Wawili, usiuchafue mchakamchaka! Tulikimbia alfajiri tukiimba, na ilikuwa raha.

Mama Wawili
Shikamoo mzee. Mchakamchaka mlikimbia wote na mliimba wote, ndiyo maana ilikuwa raha. Mimi nasema kuzungushwa peke yako huku unatazamwa. Hivyo ni vitu viwili.

Mzee wa Redio
Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa.

Mpira Damu
Kwa hiyo sasa walimu ndio wabaya? Mwalimu mmoja, watoto mia, afanyeje?

Kocha wa Shule
Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi, na adhabu hiyo nimeitoa miaka mingi. Maneno ya Mama Wawili yamenichoma kwa sababu ni kweli. Niliiacha mwaka jana. Baada ya Tokyo nilifanya jambo moja. Kwetu mita 1,500 walikuwa wanajitokeza watoto wanne, na wengine wanaondoka kwenda kucheza chandimu. Safari hii nikawagawa kwa mitaa wanayotoka: Stendi, Sokoni, Misheni, Mto Mkavu. Mzunguko wa kwanza kimya. Wa pili mama muuza vitumbua akaacha karai lake, akasogea kwenye kamba. Mzunguko wa mwisho wazee wa Sokoni walikuwa wameingia uwanjani na baiskeli zao wanakimbia sambamba na mtoto wao wa darasa la sita, nikashindwa kuwatoa. Watoto ni wale wale, uwanja ni ule ule.

Mkeshaji
Mwalimu, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Jangwani Daima
Walishinda nani?

Kocha wa Shule
Stendi, kwa hatua moja. Sokoni wanasema mtoto wao alikanyagwa kisigino kwenye kona.

Jangwani Daima
Kama alikanyagwa lazima warudie! Marudiano lini?

Kocha wa Shule
Ijumaa saa kumi jioni.

Binti wa Mbulu
Jangwani Daima, kabla ya Ijumaa. Bado sijasikia "samahani".