London na watoto wawili wadogo, nitaweza kweli?

MamaPacha_Ntinda: Jamani habarini, mwezi ujao natoka Entebbe naenda London kumtembelea dada yangu wiki mbili, nina pacha wa miaka miwili na nusu na baba yao hapati likizo, sasa nauliza nibebe kigari cha watoto au nitateseka nacho kwenye zile treni za chini ya ardhi?

KakaBukoto: Kibebe lakini kiwe chembamba cha kukunja. Stesheni nyingi za zamani ni ngazi tupu hakuna lifti, mimi nilibeba mtoto na kigari juu juu nikatoka jasho kama niko soko la Owino Kampala saa saba mchana. Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow panda treni ya Elizabeth line, hiyo stesheni zake zote unafika bila ngazi. Na wa chini ya miaka 5 hawalipi nauli.

Mama Shani: Mwenzangu beba na mbeleko! Mmoja mgongoni mmoja kwenye kigari, watakushangaa we waache. Basi ni raha kuliko treni, watoto wanaona nje, ila akija mtu wa kiti cha magurudumu unakunja kigari unampisha, nafasi ni yake. Mvua ikinyesha wapeleke Natural History Museum, kuingia bure na kuna mifupa ya dinosaria.

MamaPacha_Ntinda: Asanteni sana, mbeleko sikuiwaza kabisa. Vipi pampasi, nijaze begi?

Mama Shani: Za siku mbili tu, acha nafasi ya matooke ya dada yako 😂