Mtoto ana degedege na familia inakataa sindano: mnaanzia wapi?

Nesi_wa_Zamu:
Habari za majukumu, wauguzi wenzangu. Naomba mwongozo kwa jambo linalojirudia kwenye wodi za watoto hapa Dar, hasa usiku. Mtoto wa miaka miwili analetwa amekakamaa, macho yamepinduka, mwili unachemka. Mkononi ana hirizi, tena palepale unapotaka kuweka kanula, mrija mdogo wa mshipani. Bibi anasema, "Hiyo ni degedege, akichomwa sindano mnamuua." Mama ana kichupa cha kombe, anataka kumnywesha. Baba ndiye mwenye kauli, yuko Mbagala na simu yake haipatikani. Mnaanza na lipi? Na mnasemaje na familia bila kuwakwaza wala kumchelewesha mtoto?

Sista_Mkuu:
Anza na mtoto, mdomo uongee huku mikono ikifanya kazi. "Shikamoo bibi" haichukui hata sekunde mbili, usiiruke. Mlaze ubavu, safisha mdomo, usiruhusu mtu aingize kijiko kati ya meno, weka oksijeni, pima sukari.

Dawa ya kwanza haihitaji ncha ya sindano. Diazepamu kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 6. Kwa ampuli ya miligramu 10 ndani ya mililita 2, unavuta mililita 1.2. Ukishavuta, ng'oa ncha mbele ya macho ya bibi: "Bibi, tazama, ncha nimeitupa, hii siyo ya kuchoma." Mfunike mtoto kwa kanga ya mama yake, pachika mrija mfupi laini kwenye bomba, ingiza sentimita 4 hadi 5, sukuma dawa na hewa kidogo nyuma yake ili isibaki kwenye mrija. Kisha bana makalio kwa dakika chache. Usipobana, dawa inarudi yote kwenye kanga na utadhani imeshindwa. Zikipita dakika 10 bado anatikisika, rudia mara moja. Ambu, mfuko wa kumpumulishia mgonjwa, iwe pembeni, kwa sababu dawa hii hupunguza upumuaji.

Wengi hukosea hapa: hawasemi mapema kwamba mtoto atalala. Aliyekuwa anatikisika analegea ghafla, na familia inaanza kulia msiba. Sema kabla ya kusukuma dawa: "Atalegea na kusinzia. Huo ni usingizi wa dawa. Mama, weka mkono kifuani pake, utasikia anapumua."

Sasa kuhusu sindano yenyewe. Hofu ya bibi ina chanzo. Zamani na hata sasa watoto hupelekwa kwanza kufukizwa kinyesi cha tembo, wanafika hospitali siku ya pili au ya tatu malaria ikiwa imeshapanda kichwani, wanachomwa, wanafariki. Kilichoonekana na macho ya watu ni sindano, kisha kifo. Ukimwambia bibi ni ushirikina umempoteza, na mama atamfuata bibi. Mkubalie jina: "Ndiyo bibi, ni degedege. Mtikisiko tumeutuliza. Aliyeuleta bado yumo kwenye damu, na dawa yake inapita kwenye mshipa." Maneno hayo ya mwisho yasubiri majibu ya mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, maana si kila degedege ni malaria. Ikiwa ni malaria kali, artesuneti ni miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, saa ya 0, ya 12 na ya 24; huyu wa kilo 12 anapata 36. Sukari ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, dekstrozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Hiyo haingoji mjadala wowote.

Kanga_Mbili:
Naongezea hirizi na kombe. Madeleine Leininger, muuguzi wa Marekani aliyeasisi uuguzi unaozingatia tamaduni, alitaja njia tatu: kuhifadhi desturi, kuafikiana nayo, au kusaidia familia kuibadili. Hirizi karibu kila mara ni ya njia ya kwanza au ya pili. Usiikate kwa mkasi. Mwombe aliyeifunga, au mama, aihamishie mkono mwingine kwa mkono wake mwenyewe. Ikiwa ni chafu, izungushie gozi safi na plasta. Inatoka tu ikiwa uzi unabana na vidole vimevimba, au iko shingoni na mtoto anahangaika kupumua. Hapo ibanwe kwa pini kwenye kanga, karibu na kichwa, mama aione.

Kombe ni njia ya pili. Ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji au marashi, kwa mama ni dua. Hatari yake ni kumeza: mtoto aliyezimia hana uwezo wa kumeza, maji yanaingia mapafuni. Mwambie hivyo hivyo, kisha mpe nafasi ya kumpaka usoni na kifuani, na asome dua kitandani. Akizinduka na kumeza vizuri, kijiko kimoja kiandikwe kwenye chati ya maji kama kinywaji kingine chochote, hasa mwenye ugonjwa wa figo au moyo.

Sista_Mkuu:
Kuhusu baba: matibabu ya kuokoa maisha hayamsubiri, daktari anaandika kwenye faili kwamba alitafutwa na saa alizopigiwa. Kinachokwama zaidi ni kutoa maji ya uti wa mgongo ili kupima homa ya uti wa mgongo, kwa sababu watu wanaamini mtoto atapooza. Waonyeshe kwa kidole kwenye mgongo wa mama: uti wenyewe unaishia juu, sindano inaingia chini ya hapo, na yanayochukuliwa ni matone, si glasi. Wakikataa, antibayotiki ianze saa hiyo hiyo, mazungumzo yaendelee asubuhi baba akifika.

Nesi_wa_Zamu:
Asanteni sana. Na dawa za nyumbani mnaziulizaje? Nikiuliza "mmempa dawa za kienyeji?" jibu ni hapana.

Kanga_Mbili:
Swali lenyewe linanusa lawama. Uliza, "Kabla ya kufika hapa, nyumbani mlianza na nini?" kisha nyamaza, uendelee kufunga plasta. Uliza tena bibi akitoka nje kidogo, maana mama mkwe akiwepo majibu hubadilika. Wakati huo kagua mwenyewe: chale kifuani, kidonda kwenye ufizi palipong'olewa "meno ya plastiki", damu kooni kwa aliyekatwa kimeo. Ukikuta chale au kimeo, omba kadi ya kliniki uone kama chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zimekamilika, kwa sababu ndani yake mna kinga ya pepopunda.