Naomba msaada: majina ya kazi za zamani kwenye rekodi za Ireland

Msakaukoo: Wakuu, habari zenu. Nafuatilia ukoo wa Donegal. Cheti cha ndoa cha 1871 kinasema baba wa bwana harusi ni "herd", wa bibi harusi "farmer". Sensa ya 1901 ina "scutcher", "sprigger" na mtoto wa miaka 9 "scholar". Kamusi inasema herd ni kundi la mifugo! Nisomeje?

Hatikongwe: Kamusi ya leo itakupoteza, mkuu. Kwa Ireland ya wakati ule herd ni mtu, mchungaji aliyeajiriwa na mwenye malisho na kupewa nyumba palepale. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwenda, kwa hiyo watoto wake watafute hata parokia za jirani. Kwenye Uthamini wa Griffith (1847–1864), orodha ya waliokuwa na ardhi na nyumba iliyotengenezwa kwa ajili ya kodi, usishangae kumkosa. Mara nyingi pameandikwa "herd's house" (nyumba ya mchungaji) chini ya jina la mwenye malisho, mchungaji hatajwi.

Bintikitani: Scutcher na sprigger wote ni watu wa kitani. Mabua yakishalowekwa na kukaushwa, scutcher aliyashikilia kwenye mapanga ya mbao yaliyozungushwa kwa nguvu ya maji, sehemu ngumu za mabua zikavunjika zikadondoka, nyuzi zikabaki. Vumbi lake liliua mapafu, na mikono ilikatwa. Kazi yenyewe ya msimu, hivyo ukimkuta mahali pengine ni "labourer" (kibarua) usidhani ni watu wawili. Sprigger alidarizi maua kwenye kitambaa cheupe nyumbani, akilipwa kwa kipande. Scholar ni mtoto wa shule tu, si msomi.

Hatikongwe: Hilo "farmer" (mkulima) lipime. Cheti kinabeba alichosema mhusika. Nenda Griffith, safu ya ukubwa wa ardhi, kwa vipimo vya zamani: perch 40 ni rood 1, rood 4 ni ekari 1. Mwenye ekari 3 au 4 aghalabu alifanya pia vibarua kwa wengine. Kwenye sensa usiishie Fomu A, yenye majina ya watu wa nyumba. Fungua B2, inahesabu mabanda ya nje: zizi, banda la nguruwe, karakana, hata kiwanda cha mhunzi. Picha zote ziko bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland.

Msakaukoo: Shukrani sana. Na "carman", mjini Derry, 1901?

Bintikitani: Mwendesha mkokoteni wa farasi. Angalia B2 kama kuna "stable" (banda la farasi); isipokuwepo, huenda farasi alikuwa wa tajiri yake.